Ekipe inauzishwa, mashabiki wanabaki na jezi

Ile picha ya Dikembe Mutombo amelala chini, mpira ameushika juu ya uso kwa mikono miwili, anacheka kama mtoto, tunaijua karibu sisi wote. Mwisho wa mwezi wa 9 mwaka 2024, wakati muzee alituacha, ilipita tena ku simu za watu mingi. Ni picha ya tarehe 7 mwezi wa 5 mwaka 1994. Siku ile Denver, ekipe ya Mutombo, yenye ilikuwa ya 8 katika kundi lake, ilikuja kumaliza kazi ya kuitoa ile ya kwanza, yenye ilikuwa imeshinda mechi 63 mu msimu. Katika NBA jambo kama lile halikuwa limetokea hata siku moja.

Lakini ni wachache wanauliza: Mutombo alilala chini mu nyumba ya nani? Ni mu nyumba ya Seattle. Ekipe yenye alitoa ilikuwa Seattle SuperSonics. Ukiitafuta leo kwenye orodha ya NBA, hauioni. Iliuzishwa, kiisha wakaihamisha. Njo ile inaitwa sasa Oklahoma City Thunder, wenye walichukua kombe la NBA tarehe 22 mwezi wa 6 mwaka 2025 mbele ya Indiana, na vijana wetu wakashangilia usiku kucha. Hata Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, alivaa jezi yake mwanzoni mwa 2024. Kwa hiyo tunaweza kusema hii ekipe tunaijua kidogo. Mambo yenye ilipitia, tunaona watu hawaijue.

Tunasikia mtu anatuuliza: «Mwe bantu ya journal, ile mambo ya Marekani inatuangalia shiye na nini?» Tutafika pale. Kwanza tueleze namna ilifanyika.

SuperSonics ilianza mwaka 1967, ule mwaka Union Minière iliingia mikononi mwa serikali. Wazee wanajua hesabu yake. Ilikaa Seattle miaka 41. Ilichukua kombe mara moja, mwaka 1979. Mwaka 1996, na Gary Payton na Shawn Kemp, ilifika tena ku finali na ikapigwa na Chicago ya Michael Jordan. Mtoto mwenye baba yake alimupeleka ku mechi ya kwanza, wakati ekipe iliondoka alikuwa tayari na wajukuu wa kupeleka. Ekipe ya namna ile mu muji haiko tena kampuni ya mutu. Inakuwa kama mto au mulima, kitu chenye unaamka unakuta.

Na wenye ekipe walikuwa wanabadilika. Sam Schulman alikuwa wa kwanza. Mwaka 1983 Barry Ackerley akainunua. Mwaka 2001 Howard Schultz, mkubwa wa Starbucks, ile kampuni ya kawa, akainunua na wenzake kwa dola milioni 200. Kila mara jina la patron lilibadilika na ekipe ikabaki pale pale, na rangi yake ya kijani na njano. Njo hapa tunaona mtego. Watu walizoea. Walisema, patron anaenda, patron anakuja, shiye tuko. Uzoefu ule uliwafanya wasishituke mapema mara ya tatu.

Schultz aliomba serikali ya jimbo imupe makuta ya kutengeneza upya ukumbi wa michezo, KeyArena. Ukumbi ule ulikuwa umejengwa upya mwaka 1995, haukuwa na zaidi ya miaka 11. Wakamukatalia. Mwezi wa 7 mwaka 2006 akauzisha ekipe kwa dola milioni 350, pamoja na ekipe ya wanawake, Seattle Storm. Na alimuuzishia nani? Clay Bennett na wenzake, matajiri wa Oklahoma City. Muji wenye, katika ile misimu miwili 2005 mpaka 2007, ulikuwa unapokea mechi za New Orleans kwa sababu ya kimbunga Katrina, na watu wake walikuwa wanajaza ukumbi. Mutu wa Oklahoma City mwenye njaa ya basketi ananunua ekipe ya Seattle. Hauna lazima ya kuwa mulozi ili kujua inaelekea wapi.

Lakini katika karatasi ya mauzo mulikuwa kipande chenye kilituliza watu: wanunuzi waliahidi kwamba mwaka muzima watafanya bidii, kwa nia njema, kutafuta ukumbi mupya ku Seattle.

Kwa nia njema. Wale wenye wamekwisha kukaa kwenye meza na wanasheria wa kampuni wanajua hii maneno. Nia iko ndani ya moyo, na moyo hauna dirisha. Namna gani utaonyesha mbele ya tribinali kwamba mutu alitafuta lakini hakutaka kupata? Bennett aliomba ukumbi wa dola milioni 500 karibu na Seattle, na sehemu kubwa ya makuta itoke kwa watu. Mwaka 2007 wabunge wa jimbo wakakataa. Mwezi wa 8 wa mwaka ule ule, mumoja wa wanunuzi, Aubrey McClendon, mufanya biashara ya gazi, akaambia gazeti la kwao kwamba hawakununua ekipe ili ibaki Seattle. NBA ikamupiga amende ya dola 250.000. Kwa tajiri kama yule, ile ni makuta ya maji. Kosa lake lilikuwa kusema kwa sauti kile wengine walikuwa wananyamazia.

Tusimame hapa juu ya watu wa Seattle wenyewe, kwa sababu kuna wenye wanasema walijitakia. Mwezi wa 11 mwaka 2006 walipiga kura, na karibu watatu kwa kila wane walikubali sheria ya kuzuia muji kutoa makuta bya bure kwa ekipe za matajiri. Sisi tunaona walikuwa na haki. Mwalimu na mufagiaji wa barabara kulipa kodi ili tajiri wa kawa ama tajiri wa gazi apate ukumbi mupya, kiisha faida ya tikiti inaenda kwake, hiyo si akili. Walikataa vizuri. Na kukataa kwao hakukumupa mutu ruhusa ya kuwanyanganya ekipe yao. Watu wengi wanachanganya hii mambo mbili, na wanaofaidika na ule muchanganyo ni wenye ekipe.

Msimu wa mwisho njo ulikuwa mubaya kupita yote, na tunataka kuukalia kidogo. Kabla uanze, Ray Allen alikuwa amepelekwa Boston, Rashard Lewis ameenda Orlando. Ilibaki ekipe ya watoto, na Kevin Durant, miaka 19, peke yake na kipaji chake. Walishinda mechi 20 na wakapoteza 62. Weka sasa kichwa chako mu kichwa cha shabiki wa Seattle. Ukinunua tikiti, makuta yako inaingia mu mufuko wa mutu mwenye anafunga mizigo ya ekipe yako. Ukibaki nyumbani, viti vinabaki wazi, na yule mutu anapiga picha ya viti na kusema: munaona, huu muji haupendi basketi. Ukilia, wanasema ni mchezo tu. Ukinyamaza, wanasema umekubali. Tunaona ni jambo la kikatili, kuchukua mapendo ya mutu na kuifanya ushuhuda dhidi yake.

Tarehe 13 mwezi wa 4 mwaka 2008 walicheza mara ya mwisho nyumbani, na Dallas. Walishinda, 99 kwa 95. Ukumbi muzima ulikuwa unaimba waokolewe. Siku tano kiisha, wenye ekipe za NBA walikutana na kupiga kura: 28 wakasema iende, 2 wakasema hapana, yule wa Dallas na yule wa Portland. Shabiki hata mumoja hakuwa na kura mule.

Muji ulishitaki. Mkataba wa kukodi KeyArena ulikuwa mpaka 2010, na muji ulitaka ekipe imalize miaka yake. Kesi ilisikilizwa, lakini tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2008 wakapatana: Bennett alipe dola milioni 45 na aende. Jina SuperSonics na rangi zake zibaki Seattle.

Serge Ibaka, mtoto wa Brazzaville, alichaguliwa na Seattle tarehe 26 mwezi wa 6. Mashabiki wa kule walifurahi kumupata, pamoja na Russell Westbrook mwenye walichagua usiku ule ule. Siku sita tu nyuma, ekipe haikuwa tena yao. Ibaka alitajwa mbele ya dunia kama muchezaji wa Seattle na hakuvaa jezi yake hata mechi moja. Mwaka 2012 yeye, Durant, Westbrook na James Harden walifika ku finali ya NBA. Walikuwa wanacheza kwa Oklahoma City. Seattle iliangalia ku televizio.

Schultz naye? Mwaka 2008 alipeleka mashtaka ili mauzo ivunjwe, kiisha miezi michache akayaondoa. Mu kitabu chake cha 2019 aliomba musamaha. Tunaupokea, hatuna neno. Lakini tuseme wazi: watu wengi kule walimuchukia Bennett, na sisi tunaona mzigo mukubwa ni wa yule mwenye kuuzisha. Bennett alikuwa mutu wa Oklahoma City na hakuficha anatoka wapi. Schultz alikuwa mutu wa Seattle, kampuni yake ilizaliwa pale, alijua kile alikuwa anashika. Mwenye kuuzisha njo anachagua mununuzi. Siku ile bado kalamu iko mkononi mwake, anaweza kuandika chochote mu karatasi: ekipe haitoki hapa miaka 20, ama ikitoka unirudishie. Kiisha kuweka sinyatiri, nguvu yote imehama.

Kwamba njia ingine ilikuwa, Storm inaonyesha. Mwezi wa 1 mwaka 2008 wanawake wane wa Seattle waliinunua ile ekipe ya wanawake kwa Bennett, kwa dola milioni 10. Ekipe ile ile, karatasi ile ile ya 2006, muji ule ule. Ilibaki, na ikachukua kombe mwaka 2010, 2018 na 2020. Tofauti ilikuwa mununuzi analala muji gani.

Sasa, ile swali ya kwetu.

Sisi hapa, kwa mupira wa miguu, hatujue hofu ya namna ile. Mazembe iliitwa Englebert, jina la kampuni ya mapira ya motokari. Jina lilibadilika, lakini mutu wa Kamalondo hakuwaza siku moja kwamba ataamka na kusikia ekipe imehamia Kinshasa. Lupopo ni watoto wa reli, na reli haihamishwi. NBA ni namna ingine: kuna viti 30, ni vya watu 30, na mwenye kiti anaweza kukipeleka muji mwingine wenzake wakikubali.

Lakini kuuzishwa na ukiwa ndani, ile tunaijua vizuri. Mwaka 2016 Waamerika wa Freeport walikubaliana na Wachina wa China Molybdenum juu ya Tenke Fungurume, dola miliari 2,65. Hata Gécamines, yenye sehemu 20 kwa mia, ililalamika kwamba haikuulizwa. Kama mwenye 20 kwa mia anapita pembeni, mutu wa kuendesha kamio mu kariyere atasema nini? Na hata vile, mufanyakazi wa mine ana kitu. Sheria ya kazi ya 2002 inasema patron akibadilika, mikataba ya kazi inaendelea na yule mupya. Kuna sendika, kuna delege. Kodi ya mine ya 2018 inalazimisha kampuni kuandikiana na watu wa kijiji yale yenye itawafanyia. Tunajua haifuatwe kila pahali, na tumekwisha kuandika juu yake. Lakini karatasi iko, unaweza kuishika na kwenda nayo mbele ya mutu.

Shabiki hana karatasi. Ana tikiti, na tikiti inakufa kiisha mechi. Ana jezi. Na ni yeye njo anafanya bei. Ekipe yenye iliuzishwa milioni 350 mwaka 2006, leo bei za ekipe za NBA ziko mu miliari: Boston mwaka 2025 iliuzishwa miliari 6 na zaidi. Parquet na mipira haifike bei ile. Wanachonunua ni watu wenye hawatabadilisha ekipe hata wakipigwa mara 62. Mashabiki njo shimo lenye madini, na hawapewi hata jiwe.

Tusifanye watu wa Seattle kuwa malaika. Mwaka 2013 tajiri mumoja alitaka kununua Sacramento Kings na kuwaleta Seattle. Na kule Seattle kuna wenye walishangilia! Walijua vile inauma, na walikuwa tayari kuifanya kwa muji mwingine. Wenye ekipe wakapiga kura, 22 wakakataa kwa 8, na Sacramento ikabaki na ekipe yake, juu walipata mununuzi mwingine na muji ulikubali kusaidia kujenga ukumbi mupya. Hatuwahukumu sana. Mwenye njaa haulizi chakula kilitoka sahani ya nani. Lakini haikuwa mambo mazuri, na mashabiki wa Sacramento walikuwa na haki ya kuogopa.

Na watu wa Oklahoma City hawakuiba kitu. Walipata ekipe, wakaipenda. Lakini angalia walifanya nini. Mwezi wa 12 mwaka 2023 walipiga kura, 71 kwa mia wakakubali kodi ya 1 kwa mia juu ya kila kitu kinanunuliwa, ili kujenga ukumbi mupya wa dola milioni 900 angalau. Wenye ekipe watatoa milioni 50. Kwa sisi ile bei ni nzito sana, na ilipitishwa na hofu: kila mutu kule anajua ekipe yao ilitoka wapi na namna gani. Lakini ndani ya mapatano waliweka kwamba ekipe itabaki mpaka kupita mwaka 2050. Waliiandika. Hawakuridhika na nia njema. Wale wenye walifaidika na karatasi dhaifu ya Seattle, wao wenyewe walitaka karatasi yenye mifupa.

KeyArena imejengwa upya, ilifunguliwa mwaka 2021 na jina lingine, kwa zaidi ya miliari moja ya dola, na safari hii makuta ilitoka kwa wafanya biashara. Wanacheza mule hockey, na Storm inacheza mule. NBA inazungumuza juu ya kuongeza ekipe, na Seattle iko kati ya miji yenye inatajwa kwanza. Jina na rangi viko pale, vinangojea tangu 2008. Ekipe ikirudi, tikiti zitaisha siku moja, hilo tunalisadiki. Tungefurahi kama mu ule mustari mumoja tu kati ya wale mashabiki, kabla ya kutoa makuta, aombe aonyeshwe mkataba wa ukumbi: unaisha mwaka gani, nani anaweza kuuvunja, na kwa bei gani.